Impreza ya bei nafuu: usianze na turbo
Ndugu, nimekuelewa: umepata Subaru Impreza kuukuu isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), nawe unataka kuifungia turbo ili ushindane kwenye autokrosi, yaani mbio za magari dhidi ya saa kwenye njia fupi. Mimi nisingefanya hivyo, kwa sababu injini ya EJ20 (ya Subaru, lita mbili) isiyo na turbo ina uwiano mkubwa wa mgandamizo kuliko ile yenye turbo, yaani tayari inabana sana mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani ya silinda, hivyo shinikizo la ziada huweza kuvunja pistoni au kuunguza gasketi ya silinda hedi. Anza na breki, matairi, shokapu na mkanda wa taimingi (wangu niliahirisha kuubadilisha, ukakatika, nikaishia kununua injini nyingine). Kabla ya kulilipia gari hilo, fundi wa injini apime kompresheni (nguvu ya mgandamizo) ya kila silinda. Kizimba cha usalama (fremu ya mabomba ya chuma ndani ya gari inayokulinda likipinduka) usimpe fundi wa mageti akuchomelee, na usome bima yako, kwani nyingi hazilipi ajali ya mashindano.