Polariti ilinidanganya kwenye halojenoalkani

Swali la mtihani lilikuwa fupi, kuhusu halojenoalkani, yaani minyororo ya kaboni na hidrojeni iliyoshikana na halojeni (florini, klorini, bromini au iodini): kati ya 1-klorobutani, 1-bromobutani na 1-iodobutani, ipi humenyuka na maji haraka zaidi? Nikaandika klorobutani, tena kwa kujiamini. Klorini ndiyo huvuta elektroni kwa nguvu kuliko hizo nyingine (3.16 kwenye skeli ya Pauling, bromini 2.96, iodini 2.66, kaboni 2.55). Basi bondi yake ina polariti kubwa zaidi (chaji imegawanyika bila usawa), kaboni iliyoshikana nayo ndiyo yenye chanya zaidi, na nukleofili, yaani chembe yenye jozi ya elektroni inayotafuta chanya, itaikimbilia hiyo kwanza. Hoja safi, jibu bovu. Nilipata sifuri.

Maabara ndiyo iliyonizindua. Neli tatu ndani ya maji ya moto, kama nyuzi 50 hivi, kila moja na ethanoli na matone ya kimiminika chake, kisha nitrati ya fedha iliyoyeyushwa kwenye maji, ambayo hutoa mashapo halojeni inapoachana na kaboni. Ya iodini ilichafuka mara moja, mashapo ya njano. Ya bromini ikafuata na rangi ya krimu. Ile ya klorini, kipenzi changu, nilikaa naikodolea macho hadi ukungu mweupe ulipoanza kujitokeza.

Sasa tazama tena zile namba. Kati ya kaboni na iodini tofauti ni 0.11 tu, bondi karibu haina polariti, na bado ndiyo iliyoshinda. Kinachoamua mwendo hapa ni ugumu wa kuivunja bondi: C–I yahitaji takriban kJ 238 kwa moli, C–Br 276, C–Cl 338, na C–F 484, ndiyo maana floroalkani hukaa kimya kana kwamba hazijaguswa. Polariti inakuonyesha nukleofili itashambulia wapi. Itamaliza kazi lini, hilo uulize uimara wa bondi.

Kwenye kuchora mmenyuko huu, mshale unaoonyesha elektroni zinakokwenda uanzie kwenye jozi ya elektroni. Mimi nilikuwa nauanzisha kwenye H ya haidroksidi, au kwenye alama ya hasi, na kila mara kalamu nyekundu ilinipitia. Anzia jozi huru ya oksijeni, ishia kwenye kaboni. Mshale wa pili utoke katikati ya bondi uende kwa halojeni. Basi.

Soma pia masharti kabla ya kujibu. Sodiamu haidroksidi kwenye maji hukupa alkoholi. Ileile kwenye ethanoli ya moto huelekea zaidi kukupa alkeni. Sianidi ya potasiamu huongeza kaboni moja, kwa hiyo jina nalo hubadilika: 1-bromobutani huzaa pentanenitrili. Hapo wengi huacha alama mezani.

Na ukishindwa kutofautisha krimu na njano, usibahatishe kwa macho. Tia amonia. Mashapo ya klorini huyeyuka hata kwenye amonia hafifu, ya bromini hudai amonia kali, ya iodini hayaendi popote.