Barua kwa mwanangu: mchungaji akianguka, ubatizo unabaki?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika, nimeisoma, kisha nikamsomea mama yako. Unasema mchungaji aliyembatiza mjukuu wetu anatuhumiwa kula fedha za ujenzi wa kanisa, na wazee walipomwomba hesabu alipanda madhabahuni, akasoma Zaburi ya 105, "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wangu, akashuka bila neno jingine. Sasa unataka kujua mambo mawili. Je, ubatizo wa mtoto ni halali ikiwa mikono iliyombatiza ni michafu? Na je, Wakristo wa mwanzo waliwahi kuwahoji viongozi wao, au waliinamisha vichwa tu?

La kwanza nakujibu hapa hapa ili upate usingizi: mtoto amebatizwa. Usimpeleke kwingine akabatizwe upya, hata wakikuita kwa upole. La pili nitalieleza kwa kirefu, maana miaka yote niliyofundisha historia hili ndilo lililonishika kuliko mengine, na sipendi mtu akufunge mdomo kwa Zaburi isiyomhusu.

Hiyo Zaburi irudie uisome kuanzia mstari wa 12. Inamsema Ibrahimu na wanawe walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga toka taifa hata taifa, na Mungu akawakemea wafalme wasiwaonee. Ni kinga ya mnyonge asiye na kwao mbele ya mwenye nguvu. Mwenye funguo za ofisi na daftari la sadaka hawezi kuivaa kama ngao dhidi ya mjane aliyechangia mifuko ya saruji.

Na kuhojiwa kulianza mapema mno. Paulo anawaandikia Wagalatia: "Lakini Kefa alipokuja Antiokia, nalishindana naye uso kwa uso, kwa sababu alistahili hukumu." Huyo Kefa ni Petro. Kitabu kidogo cha zamani sana kiitwacho Didache kinawapa waumini kipimo cha mitume na manabii wanaosafiri: mtume akikaa kwenu siku tatu ni nabii wa uongo, na akiomba fedha wakati wa kuondoka, vilevile. Kipimo hicho walipewa washarika wa kawaida, wale waliowapikia wageni hao na kuwatandikia.

Halafu yupo Sipriani, askofu wa Karthago, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo. Mwaka 254 makanisa ya Hispania yalimwandikia kuhusu maaskofu wawili, Basilides na Martialis, ambao wakati wa mateso walijipatia hati za kuonyesha kwamba wameitambikia miungu ya Rumi. Waumini waliwaondoa. Basilides akaenda Roma, akamdanganya askofu Stefano mpaka akakubaliwa tena. Jibu la Sipriani na wenzake lilikuwa wazi: watu wenyewe ndio wenye uwezo mkubwa wa kuwachagua makuhani wanaostahili na kuwakataa wasiostahili. Yeye mwenyewe alikuwa askofu mwenye kauli nzito, akaandika hivyo, na miaka minne baadaye akakatwa kichwa kwa ajili ya imani yake. Huyo alikuwa na haki ya kuzungumzia wapakwa mafuta.

Lakini swali lako hasa, la mikono michafu, lilipasua kanisa la Afrika Kaskazini kwa zaidi ya miaka 100. Nataka ulione kwa karibu.

Mwaka 303 Kaisari Diokletian aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe. Tarehe 19 Mei mwaka huo, katika mji wa Cirta, ambao leo ni Constantine kule Algeria, msimamizi wa mji aitwaye Munatius Felix aliingia katika nyumba ya ibada pamoja na karani. Karani aliandika kila kitu, na maandishi yake tunayo hadi leo. Askofu Paulus alikuwa ameketi, mapadre na mashemasi wake wamemzunguka. Akaulizwa Maandiko yako wapi. Akajibu kwamba yako kwa wasomaji, yaani wahudumu waliosoma Maandiko ibadani, ila vilivyopo pale watavitoa. Vikatolewa: vikombe viwili vya dhahabu, sita vya fedha, taa za fedha na za shaba, halafu nguo. Nguo za kike 82. Mitandio 38. Nguo za kiume 16. Viatu vya kiume jozi 13, vya kike jozi 47.

Kila nikifika kwenye viatu hivyo nasimama kidogo. Siwezi kuvielewa vinginevyo ila kwamba ilikuwa stoo ya kanisa kwa ajili ya maskini, na wengi wao walikuwa wanawake. Mali ya kanisa la mwanzo ukiifungua kabati ilikuwa hiyo, viatu vya watu wasio na viatu. Mchungaji wenu akitaja tena "mali ya Bwana", mkumbuke kabati hilo.

Makabati ya vitabu yalikutwa matupu. Shemasi mdogo mmoja, Catulinus, akaleta kitabu kimoja kikubwa. Felix akauliza mbona kimoja tu. Catulinus na mwenzake Marcuclius wakasema vingine viko kwa wasomaji. Felix akawaambia wawataje. Wakajibu: sisi si wasaliti, tupo hapa, amuru tuuawe. Wakakamatwa. Askofu alikuwa amesema makarani wa mji wanawajua wasomaji wote, na msafara ukaanza kupita mlango kwa mlango. Victor, mwalimu wa lugha, alitoa vitabu viwili na vijitabu vinne. Mke wa mtu aitwaye Coddeo alitoa sita, nyumba ikapekuliwa, hakikuonekana kingine.

Tazama ni nani alisimama siku ile. Askofu aliwaacha wasomaji wake watajwe. Wasaidizi wawili wa cheo cha chini ndio waliokuwa tayari kufa.

Katika kundi hilo la mashemasi wadogo alikuwamo pia Silvanus, naye akatoa sanduku la fedha na taa ya fedha, akisema amevikuta nyuma ya mtungi. Mshike jina.

Mateso yalipopita, Karthago ikampata askofu mpya, Caecilianus. Maaskofu wapatao 70 wa upande wa Numidia, jimbo lenye mji wa Cirta, wakakutana wakamkataa, wakidai kwamba Felix wa Aptunga, mmoja wa waliomwekea mikono, alikuwa ametoa Maandiko yachomwe. Hoja yao ndiyo hofu yako, mwanangu: aliyepoteza Roho hawezi kuwapa wengine Roho. Wakamweka askofu wao Majorinus, na baada yake Donato, ambaye wafuasi wake walikuja kuitwa Wadonato. Wakawabatiza upya waliotoka upande wa pili.

Uchunguzi ulifanyika. Huyo Felix wa Aptunga akaonekana hana hatia, na mtu mmoja, Ingentius, akakiri kwamba aliongeza maneno yake katika barua iliyotumika kama ushahidi. Kisha mwaka 320, mbele ya Zenophilus, gavana wa Numidia, shemasi mmoja aliyegombana na askofu wake alileta nyaraka. Askofu huyo alikuwa Silvanus, yule wa taa ya fedha, sasa askofu wa Cirta na mmoja wa waliomweka Majorinus. Maandishi ya karani wa mwaka 303 yakasomwa hadharani, orodha yote. Victor mwalimu wa lugha aliitwa. Alianza kwa kusema alikuwa amekimbilia mlimani siku zile. Yaliposomwa maneno yake mwenyewe mlangoni kwake, akakiri. Mashahidi wakaeleza pia kwamba mwanamke tajiri wa Karthago, Lucilla, alitoa fedha nyingi wakati wa kumweka Majorinus, zikaishia kwa maaskofu, na maskini hawakuona kitu.

Kwa hiyo baadhi ya wale waliopiga kelele kuhusu mikono michafu walikuwa na mikono ileile. Silisemi hili ili uwadharau Wadonato. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliozika ndugu zao waliouawa kwa ajili ya Maandiko, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza wewe ulikuwa wapi siku ile. Ila ukiweka ubatizo wa mtoto juu ya usafi wa mtoaji, lazima uuchunguze usafi wa aliyemweka mtoaji, na wa aliyemweka huyo, na hutafika mwisho. Utakesha ukipekua makabati ya watu, na mtoto wako atabaki hajui kama ni Mkristo au la.

Jibu lililonituliza mimi ni la Augustino, askofu wa Hippo, huko huko Afrika Kaskazini. Anasema Petro akibatiza, Kristo ndiye abatizaye. Paulo akibatiza, Kristo ndiye abatizaye. Hata Yuda akibatiza, Kristo ndiye abatizaye. Anatumia mfano wa mfereji wa mawe unaopeleka maji bustanini: jiwe lenyewe halizai kitu, lakini bustani inazaa sana. Wewe uliyekulia kwenye mifereji ya huku kwetu mlimani unajua migomba haijali mfereji umechimbwa na ukoo gani. Paulo naye aliuliza Wakorintho, "Au je! Mlibatizwa kwa jina la Paulo?" Mtoto wako alibatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Jina la mchungaji liko kwenye cheti tu.

Hapo wengi huishia, na hapo ndipo viongozi wabovu hupenda tuishie. Wanalichukua jibu la Augustino kuhusu ubatizo na kulifanya jibu kuhusu vyeo vyao: kwa kuwa huduma ni halali hata nikiwa mwovu, basi niache na uovu wangu. Hakuna mahali mantiki hiyo inaposimama. Usalama wa ubatizo ni zawadi kwa anayebatizwa. Anayebatiza hapati kinga yoyote humo, na aliyeiba anabaki mwizi anayepaswa kutoa hesabu.

Na Augustino mwenyewe simfuati njia yote. Mwaka 411 zaidi ya maaskofu 550, karibu nusu kwa nusu, walikutana Karthago mbele ya Marcellinus, mjumbe wa Kaisari Honorius. Hukumu ikawa dhidi ya Wadonato, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuwatoza faini, kuwahamisha viongozi wao na kuwanyang'anya makanisa. Augustino aliitetea nguvu hiyo kwa neno la Luka 14, "ukawashurutishe kuingia ndani." Nampenda sana mzee huyu, lakini hapo alikosea, na kosa lake likawaumiza watu wengi karne nyingi baada yake. Donato ndiye aliyeuliza, wajumbe wa Kaisari walipofika mwaka 347, Kaisari ana nini na kanisa? Swali zuri, ingawa ni upande wake uliotangulia kumpelekea Konstantino malalamiko mwaka 313. Mamlaka isiyotaka kuhojiwa ndani, mara nyingi huenda kuazima fimbo nje.

Sasa mambo ya kwenu. Usihame usharika kwa hasira, na usianze kampeni ya maneno kwenye kundi la simu. Hadithi za Cirta zilimalizwa na maandishi ya karani. Tafuta wazee wawili watatu wenye msimamo, mwandike barua kwa baraza la wazee na nakala kwa uongozi wa juu, muombe vitabu vya mapato na matumizi ya ujenzi, stakabadhi za benki, na mkaguzi asiye ndugu wa mtu. Mtie sahihi kwa majina yenu kamili. Mchungaji apewe nafasi ya kujieleza na mumsikilize kweli, maana Felix wa Aptunga alisingiziwa na waliokuwa na uhakika kama ulio nao wewe leo. Akionekana ameiba, aondolewe, na fedha zidaiwe. Wakiwaambia mnamgusa masihi wa Bwana, waambieni Sipriani alisema watu wana uwezo wa kumkataa asiyestahili.

Kuhusu karamu ya shukrani mliyoahirisha kwa sababu ya mashaka haya, msiahirishe tena. Mama yako ameshaanza kuulizia mbuzi, na anataka kujua kama mtakuja kabla shule hazijafunguliwa. Mjibu yeye kwanza.

Baba yako