Kitufe kimelala, fomu imejaa

SWALI: Fomu yangu ya usajili ina jina, simu na barua pepe. Kitufe cha "Tuma" nimekizima mpaka vyote vijazwe. Nikichapa kwa mkono kinawaka. Chrome ikijaza yenyewe, visanduku vinajaa lakini kitufe kimelala. Majaribio ya otomatiki yote yanapita. Nipime vipi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Inaelekea unasikiliza keyup, tukio linalotokea kidole kinapoachia herufi ya kibodi. Ukichagua pendekezo kwa kipanya, hakuna herufi iliyobonyezwa. Chrome hutuma keydown (kubonyeza) na keyup za kuigiza, ila hazibebi key, yaani jina la herufi. Mstari kama e.key.toLowerCase() unavunjika hapohapo na ukaguzi wako haufikiwi. Sikiliza input na change, matukio ya thamani ya kisanduku kubadilika.

Huenda majaribio yanapita kwa sababu programu yako ya majaribio inachapa herufi mojamoja kama mtu. Nayo dispatchEvent, amri ya kurusha tukio kwa msimbo, huthibitisha tu kwamba msimbo wako unaitika ukiuita. Hili lipime kwa mkono.

Fungua profaili mpya ya Chrome, nenda chrome://settings/addresses, weka anwani moja ya kubuni. Kwenye HTML ya visanduku vyako weka autocomplete="name", "tel" na "email". Kisha bandika hii kwenye konsoli ya kivinjari:

['keydown','keyup','input','change','blur'].forEach(t => document.addEventListener(t, e => console.log(t, e.target.name, e.target.value, e.key), true));

Hiyo true ya mwisho usiiache: blur (tukio la kuondoka kisandukuni) haipandi juu kutoka kisandukuni hadi document, bila true hutaiona.

Bofya kisanduku cha jina, pitisha kipanya juu ya pendekezo bila kubofya. Maandishi yanaonekana kisandukuni lakini value haijabadilika na input haijaja. Hayo ni maonyesho tu. Sasa bofya: matukio yanamiminika, kisanduku baada ya kisanduku. Rudia kwenye Firefox, na kwenye Safari ya simu, maana mpangilio wa matukio haufanani.

Ukurasa wa kuingia una mtego wake. Nywila iliyohifadhiwa hujazwa ukurasa unapofunguka, lakini Chrome huificha isisomwe na msimbo wako: value inasomeka tupu mpaka mtumiaji abofye au abonyeze chochote. Kusubiri kwa setTimeout, hata sekunde 10, hakusaidii. Unachoweza kujua ni kwamba kisanduku kimejazwa: kiulize kwa matches(':autofill'), alama ya CSS ya kisanduku kilichojazwa na kivinjari, au kiwekee animesheni fupi ya CSS chini ya :autofill, usikilize animationstart, tukio la animesheni kuanza.

Sisi tungekiacha kitufe wazi tangu mwanzo, ukaguzi ufanyike kwenye submit, yaani fomu inapotumwa.