Muulize Mpiga Solo: Albamu iliyochelewa miaka 29

SWALI: Shikamoo Mzee. Kaka yangu anaishi Cleveland, Ohio. Alipokuja likizo aliniletea CD ya bendi ya huko iitwayo Rocket from the Tombs. Alisema hao walipiga panki, ile roki ya kasi na fujo, kabla haijapewa jina. Kumbe CD yenyewe, Rocket Redux, ni ya mwaka 2004! Mimi nilitaka kitu cha enzi zile, si wazee wanaorudia nyimbo za ujana ili wale hela mara ya pili. Je, nimeletewa makapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hasira yako naielewa. Nyimbo ngapi za dansi zimerekodiwa upya hapa kwetu, ukizisikiliza tarumbeta hakuna, kuna kinanda kinalialia tu? Hizo hata mimi sizitaki.

Lakini hawa wa Cleveland hawakurudia albamu. Hawakuwahi kuwa nayo. Bendi ilianza 1974, ikavunjika 1975, na studio ya maana hawakuiona. Walichoacha ni kanda za mazoezi na za maonyesho, ambazo mashabiki walinakiliana kwa miaka mingi hadi zilipotolewa rasmi mwaka 2002.

Kuvunjika kwenyewe kulikuwa kama talaka: huyu kabeba kitanda, yule kabeba masufuria. Mwimbaji David Thomas na mpiga gitaa Peter Laughner walianzisha bendi ya Pere Ubu, wakaondoka na nyimbo "30 Seconds Over Tokyo" na "Final Solution". Cheetah Chrome, gitaa la pili, na Johnny Blitz wa dramu wakaingia bendi ya Dead Boys wakiwa na wimbo "Sonic Reducer", uliotoka 1977. Kwa hiyo dunia ilizijua nyimbo hizi zikiwa kwenye nyumba za watu wengine. Wenye nyimbo walipokutana tena 2003, walikwenda kudai chao.

Laughner hakuwepo. Alifariki 1977 akiwa na miaka 24. Nafasi yake alipewa Richard Lloyd wa bendi ya Television, na hapo ndipo nilipowavulia kofia. Julai 1975, Television walipokwenda kupiga Cleveland, waliowatangulia jukwaani walikuwa Rocket from the Tombs. Kwa hiyo Lloyd hakuwa mpiga gitaa wa kukodi aliyeokotwa mtaani.

Sasa sikiliza magitaa. Kwenye kanda za 1975 yamegandana kama ugali uliolala, na sauti ya Thomas inazama humo humo. Kwenye Redux kila gitaa lina njia yake. Unajua nani anakata na nani anajibu. Ukikaa na gitaa mkononi unaweza kujifunza vipande vyake, kitu ambacho kwenye kanda nilishindwa.

Sauti ya Thomas ndiyo utata. "Final Solution" ni malalamiko ya kijana wa shule, na hapa anayelalamika ana miaka 50. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu sikucheka tena.

Nakwambia haya nikiwa na donda langu. Mwaka 1982 bendi yetu ilirekodi nyimbo nne redioni kwa siku moja. Kwenye ya tatu nilipotea kwenye solo, fundi akasema twende mbele, na kosa lile lilirushwa hewani miaka na miaka. Mke wangu alikuwa akilisikia ananitazama. Ningeitwa leo niupige upya wimbo ule, ningekwenda kwa miguu, na hela yao wangebaki nayo.

Thomas alifariki Aprili 2025, kwa hiyo hakutakuwa na marudio mengine. CD yako itunze. Kisha mwambie kaka yako akija tena akuletee ile ya kanda za zamani, ya 2002, jina lake The Day the Earth Met the Rocket from the Tombs. Sikiliza "Sonic Reducer" kwenye zote mbili usiku mmoja, na usitumie spika ya simu. Halafu niandikie.