Kobe wa unajimu wa Tibet katoka wapi?

Ndugu uliyeuliza kama yule kobe mwenye namba tumboni kwenye michoro ya Tibet ana asili ya India: hapana, huyo ni wa China. Zile namba ni Luoshu, jedwali la Kichina la namba 1 hadi 9 katika safu tatu, ambalo ukijumlisha kwa safu, kwa wima au kwa mshazari unapata 15. Alama nane za mistari zinazomzunguka na wanyama 12 navyo ni vya China. Watibeti waliviingiza vyote kwenye Ubuddha wao: kobe akawa umbo la Manjushri, mtukufu wa hekima katika Ubuddha, na mara nyingi utamwona Manjushri mwenyewe amechorwa juu yake. Kwangu huo ndio uzuri wa kazi hii, maana hawakunakili tu.

Kalenda nayo imechanganywa. Hesabu za jua, mwezi na sayari zinafuata Kalachakra, mafundisho ya Kibuddha yaliyotoka India, ila majina ya miaka, mnyama pamoja na mti, moto, udongo, chuma au maji, yalitoka China. Mzunguko ni miaka 60 kote kuwili. Wachina huanza na panya wa mti (1984). Watibeti huanza na sungura wa moto, tangu 1027, na mzunguko wa sasa ulianza 1987.