Filta ya awali ya dizeli: 2, 10 au 30 maikroni?

Umeuliza kama uweke filta ya awali ya maikroni 2 (maikroni ni kipimo cha uchafu unaonaswa; namba ikiwa ndogo, matundu ni madogo zaidi) ili kulinda injekta, yaani vinyunyizio vya dizeli kwenye injini, za lori lako. Hapana. Filta hiyo inakaa kati ya tanki na pampu ya kuvuta, na upande wa kuvuta ukibanwa sana, pampu inakosa dizeli: gari linawaka vizuri, ukipanda mlima na mzigo linaishiwa nguvu. Weka 30, au 10 kama dizeli unayopata si chafu sana. Kazi ya kuchuja vumbi laini iachie filta kuu.

Jambo kubwa hapa ni maji. Chagua yenye kikombe cha kuonea chini na koki ya kumwagia. Maji hutulia chini, dizeli inaelea juu yake, mpaka wao unauona kwa macho. Fungua koki asubuhi kabla ya kuwasha, funga dizeli tupu ikianza kutoka.

Angalia pia lita kwa saa ambazo filta inaweza kupitisha. Usipime kwa matumizi ya injini pekee. Pampu huvuta zaidi, inayobaki hurudi tanki.

Wakati wa kufunga, usitumie tepu nyeupe ya mabomba ya maji kwenye nyuzi, vipande vyake huishia kwenye injekta. Paka oringi (pete ya mpira ya kuziba) dizeli kidogo, kaza, kisha toa hewa kwa pampu ya mkono. Lori likisumbua kuwaka asubuhi, shuku kiungo kinachovuta hewa, hata kama hakuna tone linalovuja.