Dozi ya asubuhi na ushuhuda wa Jumapili

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi kabla ya kwenda shambani. Unasema mchungaji wa hapo unaposali anataka uache methadoni, dawa unayokunywa kliniki kila siku badala ya unga (heroini), na Jumapili ijayo upande mbele utoe ushuhuda kwamba umefunguliwa. Unaniuliza: nikiendelea kunywa dawa, imani yangu ni pungufu?

Hapana. Na Jumapili usiiache. Najua hutaridhika na "baba kasema", kwa hiyo nakueleza.

Methadoni hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana dozi moja inakuvusha siku nzima. Mtego wa huo ushuhuda uko hapohapo. Ukiacha Jumapili, Jumatatu unaweza kuamka mzima na kanisa likashangilia. Siku ya pili au ya tatu arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, inaingia: miayo isiyoisha, makamasi, machozi, vinyweleo kusimama, tumbo kuendesha, mifupa kuuma, usingizi kukataa. Arosto ya unga ukali wake hushuka ndani ya wiki moja hivi. Ya methadoni huburuza wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Watu wenye nia njema watakuzunguka wakikemea pepo, kumbe ni mwili unadai ulichouzoesha. Maumivu hayo utayavuka. Kinachonitisha mimi ni kinachofuata: mwili ukikaa bila dawa unapoteza ustahimilivu wake, na kipimo cha unga ulichokimudu zamani kinaweza kukukata pumzi.

Soma 2 Wafalme 20. Isaya alikuwa tayari na neno la Mungu kwamba Hezekia atapona, na bado akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Hakuna aliyemwambia mfalme achague kati ya sala na tini. Halafu soma Kutoka 16, habari ya mana. Iliokotwa ya siku moja moja, na aliyeweka akiba hadi kesho yake ikaota mabuu, isipokuwa ile ya Sabato. Wewe ukisimama kwenye dirisha la dawa kliniki kila asubuhi unafanya jambo la namna hiyo, ingawa foleni ya jangwani nadhani ilikuwa na kelele kidogo.

Sasa nije kwenye lile uliloandika mwishoni, kana kwamba si muhimu: kwamba ukiomba husikii kitu, kama unaongea na ukuta. Unga uliufundisha ubongo kupokea furaha kubwa kwa mkupuo, na ukiondoka, furaha ndogondogo huchelewa kurudi. Chakula hakina ladha, muziki haukugusi, na sala nayo inakauka. Hali hiyo inaweza kuchukua miezi. Wengi hapo huamua kwamba Mungu amewaacha, wakarudi maskani. Usipime imani yako kwa msisimko katika kipindi hiki. Ipime kwa kufika. Asubuhi soma zaburi moja fupi kwa sauti. Ya 13 ina aya 6 tu, na inaanza kwa malalamiko. Ukishindwa hata hiyo, sema Baba Yetu ukiwa kwenye daladala. Na angalia Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu: malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Safari ya siku 40 ilikuja baadaye.

Kwa hiyo mikesha ya Ijumaa iache kwa sasa. Kukosa usingizi ni njia nyepesi ya kurudi nyuma katika miezi ya mwanzo. Mfungo mkavu pia usifunge: methadoni inafunga choo na kutoa jasho, na bila maji utaumia. Funga mitandao, au funga kupita ile njia ya mkato yenye vijana unaowajua, hata kama ndiyo inayokufikisha kanisani haraka.

Hamu ikikupanda, mara nyingi haizidi nusu saa kabla ya kulegea. Toka ulipo, kunywa maji, piga simu kwa mtu mmoja mliyekubaliana mapema, omba sentensi moja. Namba ya pusha ifute leo. Siku ya mshahara ndiyo mbaya kuliko zote: usikae na fedha taslimu mfukoni, na sadaka itume kwa simu.

Kuteleza si kuanguka, lakini kuficha ndiko kunakoua. Ukitumia unga, mwambie muuguzi kabla hujanywa dozi inayofuata, maana viwili hivyo kwa pamoja, au kimoja na pombe au valiamu (dawa ya kutuliza na usingizi), vinapunguza upumuaji hadi usimame. Ukikosa dozi siku 3 mfululizo, usidai kiwango chako cha zamani. Daktari akupime kwanza. Na ukianzishiwa dawa za TB, sema mapema: rifampisini inaimaliza methadoni haraka mwilini, utapata arosto huku umekunywa dozi kamili, na utadhani imani imepungua.

Wenzako wa kanisani wafundishe jambo moja. Mtu akilala akikoroma kwa mkoromo mzito, pumzi zikiwa chache, midomo imebadilika rangi na haamki ukimtikisa, hajapumzika katika Roho. Mlazeni ubavu, mtu abaki naye, mkimbizeni hospitali mara moja.

Siku ikifika ya kutaka kuacha methadoni, sikukatazi. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa miezi, ukiwa na kazi na mahali pa kulala pa uhakika, daktari akijua. Ukiona hamu imerudi, mnasimama hapo mlipofika. Wapo wanaoinywa miaka mingi, wanalea watoto na wanaimba kwaya.

Mchungaji usigombane naye. Mwambie: "Namshukuru Mungu kwa maombi yako, ila dawa natumia kwa maelekezo ya daktari." Mwalike asubuhi moja mfuatane kliniki, akaongee na mtoa ushauri nasaha. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, kwa hiyo hutakosa wa kumweleza. Akikataa, tafuta usharika mwingine. Hapo Dar haijakosekana. Ushuhuda unaweza kusubiri hata mwaka, na ukiutoa, dawa itaje.

Jumapili pitia dirishani kwanza, ndipo uende ibadani. Shangazi yako amesema atakupigia Ijumaa saa nne usiku kuhakikisha hukwenda mkeshani. Ukiwa umelala, usipokee.

Baba yako